Umri wa Pikipiki Kuukuu Hupimwaje?

Mwalimu anayeishi kilometa 14 kutoka shuleni kwake husafiri kilometa 28 kila siku ya kazi. Akifundisha siku 200 kwa mwaka, huwa amekwenda kilometa 5,600. Bodaboda inayozunguka mjini kilometa 120 kwa siku, kwa siku 300, hufikisha kilometa 36,000 katika muda huohuo. Pikipiki mbili za namna hiyo zikiwekwa ubavu kwa ubavu mbele ya mnunuzi, moja ikiwa na kadi ya miaka sita na nyingine kadi ya mwaka mmoja, zaweza kuwa zimefanya kazi karibu sawasawa. Na mara nyingi ile changa ndiyo iliyopakwa rangi mpya, ikavishwa kiti kipya na kupandishiwa bei.

Hapo ndipo mwenye akiba ndogo hupotea. Kwa mtumishi wa mshahara wa kawaida, kununua pikipiki iliyotumika ni kutoa mkupuo mmoja wa fedha zilizokusanywa kwa miezi mingi. Akikosea, fedha hizo humalizikia kwa fundi, naye hurudi kutembea kwa miguu. Akikosea katika breki, hasara haipimwi kwa fedha. Kwa kuwa kadi na rangi havisemi kweli yote, hapana budi kujua ni kitu gani kinachochakaa ndani ya chombo hicho, kinachakaa kwa sababu gani, na alama za uchakavu huonekana wapi. Kazi hiyo haihitaji maabara. Fizikia na kemia ya shule ya sekondari yatosha, pamoja na rula, tochi, kipande cha kamba na saa moja ya subira.

SAFARI YA PISTONI

Mfano mzuri ni Honda CG125, pikipiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5, na pigo la pistoni, yaani umbali ambao pistoni husafiri kutoka chini hadi juu, ni milimita 49.5. Mwanafunzi akizidisha eneo la duara hilo kwa urefu wa pigo atapata sentimita za ujazo 124 na kidogo. Ndiyo maana injini huitwa ya 125.

Pikipiki ya ukubwa huo ikienda kilometa 50 kwa saa katika gia ya juu, injini huzunguka takribani mara 5,000 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 300,000 kwa saa, au mizunguko 6,000 kwa kila kilometa moja ya barabara. Katika kila mzunguko pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja, jumla milimita 99. Kwa hiyo gurudumu linapokwenda kilometa moja, pistoni nayo huwa imesafiri karibu meta 600 ndani ya silinda, ikijisugua ukutani. Katika mwaka mmoja wa ile bodaboda ya kilometa 36,000, pistoni husafiri zaidi ya kilometa 21,000, ambayo ni zaidi ya nusu ya mzunguko wa dunia katika ikweta. Na safari yote hiyo hufanyika ndani ya tundu fupi kuliko kidole.

Kinachoizuia isiteketee ni utando wa oili, mwembamba kuliko unywele. Injini ndogo nyingi za mapigo manne hubeba kiasi cha lita moja tu ya oili, na lita hiyohiyo hulainisha pia gia na klachi. Kila chembe inayomeguka katika gia na kila vumbi linaloingia hukaa humo mpaka oili ibadilishwe. Tena oili hupungua kidogo kidogo, na robo lita ikipotea katika lita moja, hiyo ni robo ya ulinzi wote.

Adui mkubwa katika barabara za changarawe ni vumbi. Mchanga kwa sehemu kubwa ni silika, madini yaliyo magumu kuliko chuma cha kawaida. Injini ya 125 ikiachiwa mafuta yote inaweza kuvuta mamia ya lita za hewa kwa dakika. Kama kichujio cha hewa kimetolewa, au kimetobolewa ili injini “ivute vizuri”, hewa hiyo huingia na mchanga wake. Chembe zikifika katika utando wa oili hufanya kazi ya msasa. Kwa sababu hiyo, kufungua kifuniko cha kichujio na kutazama ndani kwa tochi ni miongoni mwa vipimo bora ambavyo mnunuzi aweza kufanya, na hakimgharimu muuzaji chochote ila aibu.

Waliobuni CG125 walilifahamu jambo hilo kwa njia ya kupendeza. Pikipiki hiyo ilikusudiwa nchi zinazoendelea, na wahandisi walikwisha kuona kwamba wenye pikipiki katika nchi hizo hupakia mizigo mizito na kuchelewa mno kubadilisha oili. Badala ya kuwalaumu, walibadili injini. Katika injini nyingi za wakati huo valvu zilifunguliwa na ekseli iliyokaa juu ya kichwa cha silinda, ikizungushwa na mnyororo mdogo uliohitaji oili safi. Katika CG ekseli hiyo ilishushwa chini, karibu na oili, na kazi ya kusukuma valvu ikaachiwa fito mbili za chuma. Mnyororo wa gurudumu nao ulifunikwa kabisa. Muundo huo wa fito ulinakiliwa baadaye na viwanda vingi vya China, na pikipiki nyingi za 125 na 150 zilizouzwa Afrika Mashariki tangu miaka ya 2000 zimeubeba. Hata hivyo muundo uliovumilia uzembe haumaanishi kwamba uzembe haukuacha alama.

INJINI BARIDI HUSEMA ZAIDI

Mnunuzi mwenye busara hugusa injini kwa tahadhari kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ina joto, imewashwa kabla hajafika, na yafaa aombe kurudi wakati mwingine. Injini iliyochakaa huwaka kwa urahisi ikiwa imepata moto. Tabia yake ya kweli ni ya asubuhi.

Ikiwashwa, atazame bomba la moshi. Moshi mweupe mwepesi unaotoweka baada ya dakika chache hauna ubaya. Petroli ni mchanganyiko wa kaboni na haidrojeni, na haidrojeni ikiungua hutoa maji: lita moja ya petroli ikiungua yote hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Bomba likiwa baridi, mvuke huo hugeuka matone na kuonekana. Moshi mweusi ni kaboni isiyoungua, dalili ya petroli nyingi kuliko hewa. Mara nyingi kosa ni la kabureta au kichujio kilichoziba, na si ghali kulirekebisha.

Moshi wa buluu ndio wa kuogopwa katika injini ya mapigo manne, kwa maana ni oili inayoungua. Ukitoka mara tu injini inapowashwa kisha ukakoma, huenda oili imepenya usiku kupitia mipira ya valvu. Ukizidi kila mafuta yanapoongezwa, shaka huangukia pete za pistoni, ambazo mafundi huziita ringi. Lakini hukumu hiyo haifai kwa pikipiki zote. Yamaha AG100 na Suzuki TF125, zilizotumiwa sana na mabwana shamba, ni za mapigo mawili: oili yake huchanganyika na petroli na kuungua pamoja nayo kwa makusudi, hivyo buluu kidogo ni afya yake. Kwa safari za kila siku mijini, hata hivyo, moshi huo na ulaji wa oili ni sababu tosha ya kupendelea mapigo manne, labda mnunuzi awe na fundi anayezifahamu na mahali pa kupata vipuri.

Baada ya moshi, kanieneo. Injini ikiwa imezimwa, kiki ikikanyagwa polepole kwa uzito wa mguu inapasa kukataa, kisha kupita kwa shida. Hapo pistoni inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli hadi karibu sehemu moja ya tisa ya ujazo wake, na mchanganyiko huo hauna pa kutokea. Kiki inayoteremka laini bila upinzani hueleza kwamba hewa inavuja. Inavujia wapi? Hapa fundi mwenye kipimo cha kanieneo aweza kufanya jaribio dogo ambalo lingestahili kuwemo katika kila kitabu cha kidato cha kwanza kama mfano wa kupima dhana. Hutoa plagi, hufunga kipimo mahali pake, hupiga kiki mara kadhaa na kuandika namba. Kisha humimina kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena. Oili hutanda juu ya ringi na kuziba nafasi zake kwa muda mfupi, lakini haiwezi kuziba valvu zilizo juu. Kwa hiyo namba ikipanda sana, ringi au silinda ndizo zilizochakaa. Ikibaki palepale, kosa ni la valvu au gesketi ya kichwa.

Plagi yenyewe, ikiwa mkononi, isirudishwe kabla ya kutazamwa. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni njema. Nyeusi yenye utelezi ni oili, nyeusi kavu kama masizi ni petroli nyingi, na nyeupe iliyoungua ni injini iliyokuwa ikipata moto kupita kiasi.

Sauti ni somo gumu zaidi, kwani kila injini ina lafudhi yake. Mtu asiye fundi aweza angalau kutofautisha mlio mwepesi wa tiki-tiki kutoka juu, ambao mara nyingi ni valvu zinazohitaji kurekebishwa kwa bisibisi na spana, na mgongo mzito wa go-go-go kutoka chini injini inapoongezwa mafuta. Huo wa chini hutoka katika krenki, ekseli inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mwendo wa mzunguko, au katika mkono unaoiunganisha na pistoni. Injini hupasuliwa yote ili kuifikia. Pikipiki yenye mlio huo isinunuliwe kwa bei ya pikipiki. Bei yake ni ya vipuri.

KIPIMO CHA RULA

Husemwa kwamba mnyororo umevutika, lakini chuma chake hakikuvutika kama mpira. Kilichotokea ni kwamba kila pini imesugua tundu lake, ikaacha nafasi ndogo, na nafasi hizo zikijumlishwa huonekana kama urefu. Pikipiki nyingi ndogo hutumia mnyororo uliogongwa namba 428. Tarakimu ya kwanza huonyesha umbali kati ya pini na pini katika sehemu za nane za inchi: nne ya nane, yaani nusu inchi, au milimita 12.7. Hivyo nafasi 20 za mnyororo mpya uliokazwa zina urefu wa milimita 254. Rula ikisoma 259, urefu umeongezeka kwa asilimia 2 hivi, na mnyororo huo umekwisha, ingawa kila pini imeongeza robo ya milimita tu. Meno ya magurudumu yanayovuta mnyororo nayo hutazamwa: yakipinda upande mmoja kama meno ya msumeno, hubadilishwa pamoja na mnyororo, kwani mnyororo mpya juu ya meno mabovu hufa upesi.

Kipimo hicho hakiogopeshi kwa gharama, na ndiyo faida yake. Mnyororo uliochakaa kabisa katika pikipiki ambayo kipima mwendo chake kinasoma kilometa 6,000 humfundisha mnunuzi jinsi ya kukisoma kipima mwendo. Katika pikipiki nyingi za zamani kifaa hicho huzungushwa na waya kutoka gurudumu la mbele. Waya ukifunguliwa, safari haiandikwi. Chenye tarakimu tano za kilometa hurudi sifuri baada ya 99,999. Mashahidi waaminifu zaidi ni mpira wa kukanyagia, ncha ya kanyagio la gia, na mishiko ya usukani, kwa sababu watu wachache hukumbuka kuvipaka rangi.

MAHALI PASIPO MAJADILIANO

Pikipiki ya kilo 110 na mwendeshaji wa kilo 70, katika mwendo wa kilometa 50 kwa saa, ina nishati mwendo ya jouli 17,000 hivi. Mwendo ukiwa kilometa 70, nishati hufikia jouli 34,000, kwa kuwa nishati hufuata kipeo cha pili cha mwendo. Nishati yote hiyo lazima igeuzwe joto na breki kabla chombo hakijasimama.

Breki nzuri katika lami kavu zaweza kupunguza mwendo kwa meta 6 kwa sekunde katika kila sekunde. Kutoka kilometa 50 kwa saa pikipiki husimama baada ya meta 16. Breki zikiwa na nusu ya nguvu hiyo, huhitaji meta 32. Kwa wote wawili huongezwa meta 14 zinazopita katika sekunde moja ya kushtuka kabla mkono haujabana. Tofauti ya meta 16 ni zaidi ya urefu wa basi kubwa, na mtoto anayevuka mbele ya shule haijui hesabu hiyo.

Waendeshaji wengi huiogopa breki ya mbele na kutegemea ya nyuma peke yake, na baadhi hufikia kuilegeza kabisa. Fizikia yao si sahihi. Chombo kinapopunguza mwendo, uzito huhamia mbele. Gurudumu la mbele hushika barabara zaidi na la nyuma hushika kidogo na kuteleza upesi. Breki ya mbele, ikibanwa taratibu na usukani ukiwa umenyooka, ndiyo yenye sehemu kubwa ya kazi. Pikipiki iliyotumika ambayo breki yake ya mbele haifanyi kazi hueleza mengi kuhusu aliyekuwa akiiendesha.

Tairi hukaguliwa kwa macho na kwa kusoma. Nyingi zina herufi DOT ubavuni, na kwa zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 tarakimu nne za mwisho huonyesha wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba huzeeka hata bila kutembea, ikakauka na kupasuka mistari midogo; tairi yenye kashata nzuri lakini yenye miaka kumi haifai mvua.

Fremu ndiyo mfupa wa yote. Pikipiki iliyowahi kugongwa sana huenda ikanyooka machoni na isinyooke barabarani. Usukani ukiwa umenyoshwa mbele, kamba hukazwa ikigusa tairi ya nyuma mahali pawili, kisha huvutwa hadi pembeni mwa tairi ya mbele, kwanza upande mmoja na halafu wa pili. Kwa kuwa tairi ya mbele kwa kawaida ni nyembamba, patakuwa na nafasi ndogo. Nafasi hiyo inapaswa kuwa sawa pande zote mbili. Ikitofautiana, pengine ekseli ya nyuma imekazwa upande, jambo dogo, au fremu imepinda, jambo ambalo halina tiba ya uhakika. Mikunjo ya rangi na chomelezo karibu na shingo ya usukani humaliza shaka.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Pikipiki za zamani zaidi zilikuwa za volti 6 na platini. Za baadaye ni za volti 12, na platini imeachwa. Taa ya wati 36 huhitaji ampia 6 katika volti 6, lakini ampia 3 tu katika volti 12, na kwa kuwa joto linalopotea katika waya hufuata kipeo cha pili cha mkondo, hasara katika waya uleule hupungua mara nne. Anayerudi nyumbani baada ya magharibi achague volti 12.

Kuhusu hati, namba zilizogongwa katika fremu na injini zifanane na zilizo kwenye kadi. Zikionyesha alama za tupa, mazungumzo yakome hapo.

KATI YA ILE YA MIAKA SITA NA ILE YA MWAKA MMOJA

Mwalimu wa kilometa 14, akisharudi kwa zile pikipiki mbili, huwa na maswali mengine kabisa. Tuseme ile ya miaka sita ina mnyororo uliokwisha, tairi ngumu, betri iliyokufa na tangi lililobonyea. Kiki yake inakataa vizuri, haitoi buluu, na kamba inasoma sawa pande zote. Ile ya mwaka mmoja inang'aa, lakini kichujio chake hakimo na kutoka chini kunasikika ule mlio mzito. Kasoro za kwanza zinaonekana na kila moja ina kipuri dukani. Za pili zimefichwa, na hazihesabiki mpaka injini ifunguliwe. Ile mbaya kwa sura ndiyo nafuu, hata baada ya kuongeza gharama ya mnyororo, tairi na betri, nazo zafaa kujumlishwa katika bei kabla ya kukubaliana.

Akisha kuinunua, oili ibadilishwe siku hiyohiyo, hata kama muuzaji anaapa kwamba ilibadilishwa jana. Ile ya zamani imiminwe polepole katika chombo cheupe na kutazamwa juani. Weusi ni wa kawaida. Unga wa kijivu unaometameta ni chuma, na sumaku ndogo iliyofungwa kwa uzi itaonyesha ni kiasi gani. Kisha tangi lijazwe mpaka shingoni, namba ya kipima mwendo iandikwe katika daftari, na tangi lijazwe tena baada ya wiki mbili za kwenda shule na kurudi. Kilometa zikigawanywa kwa lita zilizoingia mara ya pili, hupatikana namba ya kwanza ya ulaji wa petroli. Ikianza kushuka miezi michache baadaye, mwenye pikipiki atakuwa na sababu ya kwenda kutazama plagi.